Mtaalamu wa Lusewa na Kichwa cha Cherehani

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimekuwa mtu mwingine. Nina detekta! Mashine ya kunusa vyuma ardhini: fimbo ndefu, sahani nyeusi chini, hedifoni za masikioni. Ikipita juu ya chuma inalia tiii. Twaha, mfanyabiashara wa Tunduru mwenye meza ya vikorokoro sokoni, ameniapia wallahi kwamba mwenye nayo wa kwanza aliokota hela za Mjerumani wa enzi za ukoloni, fedha tupu, akajenga nyumba.

Hatukupeana hata senti. Tumebadilishana. Mimi nimechukua detekta, yeye amechukua kichwa cha cherehani ya Lidwina, mke wangu. Lidwina yuko kwao Maposeni, anamsaidia baba yake kuandaa shamba. Anarudi Jumamosi. Twaha naye anasafiri Jumamosi alfajiri kwenda Tunduru, na kichwa kitakwenda naye nisipokikomboa kabla.

Cherehani ile ndiyo inayotulisha, nakubali. Na nguo za kipaimara za watoto wa parokia zimeshakatwa, zinasubiri kushonwa. Lakini mpaka Jumamosi nitakuwa na hela za Mjerumani. Lidwina atakuta kichwa mahali pake na hatajua kilitoka. Hii si kama habari ya kware wa biashara, niliowanunua kwa akiba yake. Kware walikufa kwa sababu zao wenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeanza na uwanja wetu hapa Mfaranyaki. Mashine imelia kila nilipokanyaga, na moyo wangu nao. Nimechimba tangu asubuhi. Vizibo vya soda. Misumari ya bati. Mfuniko wa sufuria. Kijiko kilichonikosanisha na dada yangu mwaka juzi, kumbe kilikuwa kimelala tu chini ya mpapai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kimegoma.

Pamela, jirani yetu, macho yake hayana likizo. Alikuja akauliza nafukua nini. Nikamjibu natafuta bomba la maji. Akasema bomba halijawahi kufika upande wetu. Nikamwambia ndiyo maana nalitafuta. Akaondoka, lakini akapitia dirishani kwetu na kuchungulia ndani. Sikupenda alivyochungulia.

Nimegundua kosa langu. Mjini watu wamekunywa soda mno. Mjerumani mwenye akili asingezika hela Mfaranyaki, angezipeleka mbali. Kesho Lusewa.

Jumatano, 9 Oktoba. Lusewa

Nimeshuka kwenye basi, nimevaa hedifoni, nimeanza kupita polepole kando ya njia. Watoto wakakimbia. Wanawake wakasimama na ndoo kichwani. Kisha akaja mzee wa mvi, Majaliwa, amevua kofia, akaniambia shikamoo. Mimi! Mzee mwenye umri wa baba yangu. Niliitikia marahaba kabla sijafikiri, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Akauliza kama nimeitwa au nimeoteshwa. Nikaelewa taratibu. Wananidhania lambalamba, wale mafundi wanaopita vijiji vya huku wakifukua uchawi uliozikwa majumbani mwa watu. Wenzangu huja na usinga na kioo. Mimi nimekuja na kitu cha betri, wakaona huyu ndiye mkubwa wao.

Mtu mkweli angekanusha. Nami nilikuwa nafungua mdomo nikanushe, haki ya Mungu, ila mke wa Majaliwa akatokea na kuku wa kuchemsha na ugali wa moto. Nikaona nile kwanza.

Jioni mashine ikalia nyuma ya jiko lao. Nikachimba, likatoka jembe la zamani, limeliwa na kutu hadi limebaki kama kiganja. Vigelegele! Nikawaambia jamani, hili ni jembe tu. Wakatazamana, wakasema mtaalamu wa kweli hajisifu. Nimelazwa kwenye kitanda cha mwenye nyumba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepita nyumba kwa nyumba. Panga lililovunjika, mnyororo wa baiskeli, kufuli. Sikumtaja mtu yeyote kuwa mchawi, mimi si mwendawazimu. Kila chuma nilisema kilikuwa kimelala vibaya, sasa kimeamshwa, mlale salama. Kila nyumba ikanipa kuku. Hela za Mjerumani sijaziona, lakini kuku ni mali, na Twaha hapendi kitu duniani kama kuku wa kienyeji. Nimepona!

Nilikuwa nawafunga kuku miguu niwahi basi, Majaliwa akaja na ujumbe. Rafiki yake wa Maposeni amesikia sifa zangu, amepiga simu. Binti yake ameibiwa nyumbani kwake mjini, jirani ndiye aliyemwarifu. Wanaomba mtaalamu afike Mfaranyaki Jumamosi asubuhi, aonyeshe kitu kilipofichwa. Nikauliza, kwa sauti nzito ya kitaalamu, ni kitu gani. Akasema kichwa cha cherehani. Nikauliza rafiki yake anaitwa nani. Akasema Isidori.

Baba mkwe wangu. Nikaketi palepale, nikawakalia kuku. Majaliwa akawaambia watu wasogee, mtaalamu kapandisha mizimu.

Ijumaa, 11 Oktoba. Nyumbani

Twaha kanigeuka. Kuku amewapenda, lakini anasema hawatoshi. Anataka kuku wote na detekta juu yake. Nikamwambia huo si uungwana. Akasema anawahi swala ya Ijumaa, nichague upesi. Nimechagua. Kichwa cha cherehani kiko mikononi mwangu, kizito kuliko nilivyokumbuka.

Lidwina akapiga simu analia. Pamela alimwambia ameona meza haina kichwa. Akauliza watoto watavaa nini siku ya kipaimara, na kwa nini nilimficha. Nikasema nilihofia presha yake. Akasema basi nifagie uwanja, kesho nimpokee mtaalamu wa Lusewa kwa heshima zote. Kwa hiyo kesho nitajipokea.

Ningeweza kukirudisha kichwa mezani, nikasema kilikuwa kwa fundi. Niliwaza hivyo kwa muda. Lakini mtu akishaamkiwa shikamoo na mzee mzima, harudi kirahisi kwenye maneno ya kwa fundi. Kitatoka ardhini, mbele ya baba mkwe, kwa ustadi wangu. Hata wale kware watasahaulika.

Pamela alipokwenda gengeni, nikakizika uwanjani. Nilikifunga vizuri kisiingie mchanga, kwa kitambaa cha kwanza kilichonijia mkononi. Juu nikaweka tofali liwe alama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tofali halipo! Pamela amelichukua alfajiri, amelifanya figa. Anasema aliliona limekaa bure. Na uwanja huu, tangu nilipouchimba Jumanne, umekuwa kama shamba la viazi. Kila mahali panafanana.

Wakafika. Lidwina macho mekundu, baba mkwe kavaa koti la Misa. Nikawaeleza kwamba mtaalamu amepita alfajiri, ameitwa ghafla Namtumbo, ila ameniachia uwezo na mashine. Mashine yenyewe ni mpini wa mwavuli na ule mfuniko wa sufuria, nimeviunga kwa waya. Baba mkwe akasema alisikia ni ya betri. Nikasema hili ni toleo jipya.

Kulia ililia. Niliwapa mgongo tu. Tiii. Nikachimba, kizibo. Tiii. Mzizi wa mpapai. Baba mkwe akauliza mbona mashine inavuta pumzi. Tiii ya tatu ilinipalia nikakohoa katikati. Pamela akasema maskini, imeingiwa na vumbi.

Jua likapanda. Jasho hadi kwenye soksi. Lidwina alikuwa amekaa barazani. Mwishowe akasema, taratibu kabisa, nijaribu chini ya kamba ya kuanikia nguo, pale udongo ulipo mbichi. Nikaenda, nikasahau hata kulia, nikachimba. Kikatoka! Nikakiinua juu kwa mikono miwili. Pamela akapiga kigelegele, baba mkwe akavua kofia.

Lidwina hakutazama kichwa. Alitazama kitambaa. Kitenge chake cha WAWATA, cha umoja wa akina mama Wakatoliki, kile kinachokaa chini kabisa ya sanduku, na ufunguo wa sanduku tunajua unakofichwa yeye na mimi tu. Akakikung'uta, akakikunja. Akafuta kichwa, akakitia mafuta, akazungusha gurudumu. Likazunguka. Hapo nikaogopa kweli, kuliko siku zote za wiki hii.

Baba mkwe akauliza kama mwizi amejulikana. Lidwina akasema amejulikana, na hakuna haja ya polisi, mwizi atashona vifungo vyote vya kipaimara kwa mkono. Mzee akanigeukia, akavaa kofia yake.

Tulipobaki wawili akaniambia neno moja tu. Kwamba ningesema kilikuwa kwa fundi, angeamini. Njia nzima kutoka Maposeni alikuwa anamwomba Mungu iwe hivyo. Nililia, na safari hii si kwa niaba ya mashine.

Jumanne, 15 Oktoba

Vifungo. Vidole vyangu vimejaa matundu. Lidwina anashona, mimi nafuata na sindano. Jana alicheka kidogo niliposhona kifungo kwenye suruali yangu mwenyewe niliyovaa. Nimemwambia nimetubu, sitaki kusikia habari za kitu chochote kilichozikwa. Akanimiminia chai. Nina mke mwema, sitamtoa tena machozi.

Majaliwa amepiga simu mchana. Lusewa wanalala salama, na kijiji cha jirani nacho kinaniomba. Nikamwambia ukweli mtupu, detekta sina tena. Akasema basi uwezo uko kwangu, haukuwa kwenye mashine. Maneno ya mzee hayo, siwezi kuyadharau. Na tiii yangu kwa kweli si mbaya, nisipokohoa.

Ninachokosa ni hedifoni tu. Watu wanaziheshimu sana. Twaha amerudi jana na bado anazo, yuko tayari kubadilishana na pasi ya mkaa. Lidwina hatapiga pasi mpaka vifungo vyote viishe, na vifungo ninavyo mimi, navishona polepole. Akiiulizia pasi kabla sijaikomboa, safari hii jibu ninalo. Iko kwa fundi.