Hukumu Yangu Juu ya Bi Radi

Jumatatu, 13 Mei 2024

Uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa jengo letu ni Jumamosi. Tunagombea wawili. Mimi, muuza mabegi mwenye maadili, na Nurdin, muuza madaftari wa duka linalotazamana na langu, mwenye tabasamu. Kiti hiki nakitaka kuliko chakula. Mwenyekiti huitwa mwenyekiti hata akikutwa kwenye ngazi na ndoo ya takataka.

Leo nimepata silaha! Nurdin anauza kitabu cha katuni, Bi Radi wa Kariakoo. Mama anakaanga vitumbua asubuhi, jioni anafunga kanga mgongoni na kuruka juu ya mapaa kupiga wabaya. Kanga, mgongoni! Nitakihakiki kwa niaba ya familia zote za kata yetu ya Mchafukoge, nikitie hatiani, na Nurdin aanguke nacho. Nilimtuma binti yangu Nice akakinunue, mimi nisionekane. Akasema hana haja ya kwenda. Anacho.

Jumanne, 14 Mei

Nimejifungia stoo nikasoma. Maudhui ni mabaya kama nilivyotarajia. Mama anaruka bila kumuaga mumewe. Vibaka wanapigwa mpaka neno TWAAA linajaza ukurasa. Mtu pekee mwenye busara ni Bwana Marufuku, mzee wa suruali iliyopandishwa hadi kifuani, anayewakataza watoto kucheza kwenye ngazi. Na ndiye wamemfanya adui!

Wateja waligonga, sikufungua. Nilikuwa bado sijajua kama Bi Radi atafika kwa wakati. Nikasoma mara ya pili ili kuthibitisha ubaya.

Nilimweleza mke wangu, Theopista, habari za Bwana Marufuku. Akaitazama suruali yangu kwa muda, kisha akaenda kuangalia maharage.

Jumatano, 15 Mei

Bango limetundikwa! Kadibodi la boksi la mabegi, rangi nyekundu, mshale unaoelekea kwa Nurdin. KITABU HIKI NI HATARI! BALAA TUPU! KINATISHA! Chini, jina langu: Elimringi, Mhakiki. Nilitaka kuongeza kwamba hakifai kwa familia, nafasi ikaisha.

Matokeo ni ya papo hapo. Vijana wa mtaani walisimama, wakasoma, wakanipa shikamoo na kuniambia nimetisha. Marahaba! Kutisha ndiko nilikotaka. Adhuhuri kukawa na foleni kwa Nurdin. Nilifurahi sana kuona watu wanavyorudisha vitabu.

Alhamisi, 16 Mei

Hawakuwa wanarudisha.

Nurdin ameleta juisi ya miwa kwa mkono wake mwenyewe na kunishukuru. Vitabu vimekwisha, ameagiza vingine. Nilikunywa juisi kwa dharau.

Usiku Theopista akaniuliza kama nimewahi kuwasikiliza vijana wa mji huu wakiongea. Eti mtaani kitu kizuri ndicho huitwa hatari, na kikizidi uzuri ni balaa. Nikamwambia hatari ni hatari. Nguzo ya umeme imeandikwa HATARI, na sijaona mtu akiipanda kwa furaha. Akasema basi, Baba Nice, lala.

Nice naye ameniambia, kwa sauti ndogo, kwamba watoto wa jengo sasa wananiita Bwana Marufuku. Hilo limeniuma. Limeniuma kweli. Akanifariji kwamba mwishoni Bi Radi anamwokoa Bwana Marufuku, aliyekwama kwenye paa alikopanda kuwanyang'anya watoto tiara yao. Nikamwambia najua. Nimefika hapo mara tatu.

Jumamosi, 18 Mei

Uchaguzi. Kura za kunyoosha mikono. Mkono wangu ulipanda peke yake. Mmoja wa Theopista ulikuwa umempakata mtoto wa jirani yetu Candida, na mwingine, alisema, ulikuwa unauma. Kwa Nurdin ikanyooshwa mikono mpaka ya wapangaji ambao hawana watoto.

Nilitaka kulia. Katika shukrani zake mwenyekiti mpya alisema kwamba tangu bango langu wazazi na watoto wa jengo hili wanasoma pamoja jioni, televisheni zimezimwa. Wakanipigia makofi. Ya kejeli, bila shaka. Candida alikuwa anafuta machozi, anaigiza vizuri.

Jumapili, 19 Mei

Baada ya ibada nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu. Nimeliona kosa. Maneno yangu yalikuwa laini mno.

Na Mungu si Athumani! Nurdin ametangaza kwamba kitabu cha pili cha Bi Radi kinaingia Ijumaa. Nice ameshaagiza nakala mbili, moja ni yangu, kwa ajili ya uhakiki tu. Theopista alitaka kunikumbusha ya Alhamisi, nikamkatiza. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, nami nimepata kadibodi la friji, halina shida ya nafasi. Nimeandika herufi ndefu kama mtoto wa chekechea: KITABU HIKI NI MOTO!

Tuone nani atathubutu kukigusa.