Ombi la Vyumba Kumi na Vinane kwa Wanafunzi Kumi na Wanane

Shule ya Namkukuru,
Njia ya Marambo,
Wilaya ya Nachingwea.
27 Novemba, 1953.

Bwana Y. Mbaruku,
Msimamizi wa Shule,
Nachingwea.

Bwana Msimamizi Mheshimiwa,

KUHUSU MPANGILIO WA MABENCHI NA MTIHANI WA MWISHO WA MWAKA, DARASA LA NNE

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili na nimeisoma nikiwa nimesimama. Umesema humo kwamba karatasi zote kumi na nane za mtihani wa Darasa la Nne zimefanana kama mayai ya kuku mmoja. Kwamba huwezi kuipa nafasi ya Darasa la Tano akili moja yenye majina kumi na manane. Na kwamba nisipotoa maelezo ya kuridhisha kabla ya shule kufungwa, nafasi zetu katika Shule ya Kati zitapewa shule nyingine.

Bwana Msimamizi, sikanushi hata neno moja. Mimi mwenyewe niliposoma insha za "Mnyama Ninayemfahamu" nilikuta wanafunzi wote wameandika: "Mnyama ninayemfahamu ni Bashiri. Ana kelele nyingi, hula mihogo mibichi, na Mungu amemnyima mkia." Hata Bashiri mwenyewe ameandika hivyo hivyo, tena kwa mwandiko safi. Na katika insha ya "Nyumbani Kwetu" wote kumi na wanane wamejitaja kuwa ni watoto wa Amiri, mkulima wa ufuta, ambaye kwa kadiri ya ninavyojua hajaongeza mke.

Nimetoka Chuo cha Ualimu mwaka jana tu, na cheti changu kinaonyesha wazi kwamba katika somo la Mpangilio wa Darasa nilikuwa wa kwanza. Kwa hiyo aibu hii haikuletwa na uvivu. Imeletwa na mazingira, nami naomba ruhusa ya kuyaeleza kwa utaratibu.

Lakini kwanza naomba ujue ni nani atakayeumia. Aliyetunga majibu yale, mazuri na mabaya, ni mwanafunzi mmoja tu: Sabaha binti Amiri. Baba yake aliniambia mbele ya kamati ya shule: "Mwalimu, jina la mtoto likirudi, nauza ufuta nimnunulie sanduku aende. Lisiporudi, jembe lake liko mlangoni, na posa ninazo mbili." Hivyo usipoweza kumtenganisha Sabaha na wenzake katika karatasi, Amiri atamtenganisha na shule. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mabenchi. Darasa letu lina mabenchi mawili marefu yaliyochongwa kwa mbao za masanduku yaliyoleta vipuri vya matrekta, enzi za kile kilimo kikubwa cha karanga. Benchi la namna hii halina mpaka kati ya mtoto na mtoto. Nilichora mipaka kwa chaki. Waliifuta kwa kuikalia.

2. Utani. Chuoni tulifundishwa kuwatenganisha wanaopendana. Nikawatenganisha ndugu, nikamweka kila mtoto wa Kimwera kando ya mtoto wa Kiyao. Mimi mwenyewe ni Mmwera wa Ruangwa, na najua kwamba Mmwera na Myao ni watani, watu wa kutukanana tangu kisimani hadi msibani. Nikapiga hesabu kwamba wanaotukanana kiasi hicho hawawezi kushirikiana katika hesabu za sehemu. Tena nilidhani utani huachwa nje ya mlango pamoja na majembe.

Siku ya mtihani Bashiri, ambaye ni Myao, alinyoosha mkono akaichukua karatasi ya Sabaha mbele ya macho yangu, akasema, "Lete hapa! Mmwera na karatasi wapi na wapi? Kwenu karatasi ni ya kufungia panya wa kitoweo." Nikangoja Sabaha alie, au walau aniite. Sabaha akasema, "Chukua, Myao, ujue na namba. Nyinyi mmezoea kuhesabu mizigo iliyo kwenye vichwa vya wenzenu." Darasa zima likacheka, nami nikapiga meza. Nilipomaliza kupiga meza karatasi ilikuwa imekwisha kupita mabenchi yote mawili na kurudi kwa mwenyewe, ikiwa na alama za vidole vyenye mafuta ya karanga.

Nilipotaka kumwadhibu Bashiri, babu yake alikuja shuleni. Huyu ni Mzee Abdala, mjumbe wa kamati yetu. Akaniambia kwa upole ulionitia hofu: "Mwalimu Saturnini, mtoto hakuiba. Kachukua kwa mtani wake. Mwaka jana Amiri alichukua jogoo wangu huku namtazama, nikamwongezea na tetea. Wewe karatasi tu ndiyo imekuuma?" Nikamwuliza, kama kila mtu anachukua, mtihani unampima nani? Akajibu, "Unampima mwenye karatasi, kama ana roho nzuri."

Bwana Msimamizi, roho nzuri haimo katika muhtasari wa masomo. Nimeutazama mara mbili.

3. Ndugu. Barua yako ilipofika nilianza kufanya majaribio, ili nikueleze mambo niliyoyathibitisha. Katika jaribio la kwanza niliwatenga watani, nikawaketisha ndugu pamoja, kwa hoja kwamba ndugu hanyang'anyi, huomba. Na anayeomba husikika, na anayesikika hukamatwa. Kumbe yuko mwanafunzi mmoja, Fransisko, mdogo hata miguu yake haigusi chini, ambaye kwa upande wa mama ni mjomba wa wanafunzi watano walio wakubwa kuliko yeye. Huku kwetu mjomba hanyimwi. Fransisko hakuomba kitu. Alikohoa tu. Wapwa zake watano wakainuka wakampelekea majibu, na mmoja akapiga goti. Yeye hakufanya hesabu hata moja. Alichagua kila jibu lililoletwa na wapwa wengi zaidi, akawa wa pili katika darasa.

4. Kuta. Katika jaribio lililofuata nilimgeuza kila mtoto atazame ukuta, mgongo wake kwa wenzake, na huu ndio mpangilio niliousifia sana katika mtihani wangu wa chuo. Lakini kuta za chuo zilikuwa za matofali. Zetu ni za fito na udongo. Asubuhi kila mtoto alikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kufikia adhuhuri lilikuwa tundu la kupitisha daftari. Na nje ya ukuta wa mashariki kuna kinu cha Bibi Mwanamvua, bibi yake Sabaha. Kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani, na kwa kuwa yeye huwahesabu wavulana wote wa kijiji kuwa ni wajukuu, nilisikia sauti ikipita tunduni: "Mume wangu, mbona unahangaika na saba mara nane kama mjane? Andika arobaini! Arobaini haijamdhuru mtu." Wavulana wote wakaandika arobaini. Kwa hiyo, pamoja na hasara ya kuta, nimepata na hasara ya hesabu. Nilipomsihi Bibi Mwanamvua ahamishe kinu, aliniuliza kama nimekwisha kuoa, na akasema anaona sababu.

5. Jedwali. Nikaona sasa nitumie sayansi. Nilichora ubaoni uhusiano wa wanafunzi wote: ndugu kwa chaki nyekundu, wakwe watarajiwa kwa kijani, watani kwa nyeupe. Nilitaka nipate japo watoto wawili wasiounganishwa na mstari wowote, ili niwaketishe pamoja na kuanzia hapo. Chaki ilikwisha. Ubao ukawa kama wavu wa kuwindia sungura, na ndani yake wamenaswa wanafunzi wangu wote, nami nikiwemo, kwa kuwa imebainika kwamba nikimtafutia Fransisko makosa ninamtafutia makosa mtu ambaye huenda akawa shemeji yangu. Kitu pekee katika shule hii kisicho na ndugu wala mtani ni kengele, ambayo ni kipande cha chuma cha reli, nacho hakijui kusoma.

6. Wasimamizi wa mtihani. Utaniambia nimwite mgeni aje kusimamia. Nimelifikiria. Mngoni ni mtani wa Myao. Mnyamwezi ana watani kila alikopita, naye amepita kila mahali. Hata Mzungu hafai. Fundi mmoja wa matrekta aliyekaa karibu nasi alivuliwa kofia barabarani na Bibi Mwanamvua, mchana kweupe. Watu wakadhani atapiga kelele. Alicheka, na kesho yake akarudi na sukari. Kofia hiyo Bibi anaivaa mpaka leo akitwanga. Mtu kama huyo akiletwa kusimamia mtihani, atachukuliwa hata kalamu.

Kwa sababu hizo, Bwana Msimamizi, naomba kwa heshima zote:

(a) Shule ya Namkukuru ijengewe vyumba kumi na vinane, kila kimoja kwa mwanafunzi mmoja, chenye mlango mmoja na kisicho na dirisha, na vyumba hivyo viachane umbali ambao sauti ya Bibi Mwanamvua haifiki. Umbali huo bado ninautafuta. Jana nilitembea hadi shamba la mwisho la ufuta na nilikuwa bado namsikia.

(b) Wakati tunangoja ujenzi, Sabaha abaki hapa, kwa kuwa yeye hana wa kumtazamia, na wenzake watawanywe wilayani kurudia mtihani. Bashiri apelekwe Kilimarondo, ambako tembo huingia mashambani. Naamini hakuna mtani atakayekatiza njia ya tembo kwa ajili ya hesabu za sehemu. Fransisko aende Ruangwa, akaketi katikati ya soko, ambako hata akikohoa hatasikika. Mwingine apandishwe garimoshi hapo Nachingwea, afanye mtihani akienda pwani na akirudi, na asiteremke hadi amalize. Waliobaki nitawagawa nikipata ramani.

(c) Tuletewe msimamizi kutoka nchi isiyolima mihogo, asiyejua Kiswahili wala lugha nyingine yoyote ya kutukania. Apikiwe chakula chake mbali. Watu wa hapa akila nao mihogo kwa wiki moja, watamtafutia kabila ambalo ni mtani wao, na watalipata.

(d) Ikiwa maombi haya ni mazito kwa Serikali, basi itolewe amri kwamba utani umesimamishwa katika Jimbo la Kusini kwa mwezi mzima wa Novemba kila mwaka, harusini, msibani na barabarani, na urudishwe Desemba mosi bila malimbikizo. Amri hiyo nimekwisha kuiandika. Inangoja mkono wa mkubwa tu.

(e) Utaratibu huu wote uitwe "Mpangilio wa Namkukuru", ufundishwe katika vyuo vyote vya Tanganyika, na mimi niteuliwe kuzunguka nikiufundisha. Nitahitaji baiskeli yenye taa.

Natumaini sasa umeona kwamba chanzo cha yote ni mtu kuchukua cha mwenzake na kutegemea kuchekewa. Tabia hiyo, Bwana Msimamizi, haiwezi kukaa nyumba moja na mtihani. Mtu wa elimu, awe Mmwera au nani, hana budi kuikataa kabisa, na mimi nimeikataa.

Nakusalimu wewe na watu wa nyumbani kwako. Nisalimie karani wako, ambaye barua zake zina nukta kila zinapotakiwa. Msalimie na mtunza stoo, umwambie chaki imekwisha kwa sababu za kisayansi. Wanakamati wanakusalimu. Wanafunzi wanakusalimu, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Nimewasikiliza mmoja mmoja.

Nimesimama tayari kuitwa,

Saturnini Agapiti,
Mwalimu wa Darasa la Nne,
Wa Kwanza katika Mpangilio wa Darasa.

Baada ya sahihi: Bahasha hii inaletwa na Mzee Abdala, anayekuja Nachingwea kwa lori la ufuta. Aliniuliza barua ni ya nani, nikamsomea jina lako. Alicheka hadi akaegemea ubao na kufuta wakwe wote wa kijani. "Mbaruku yule? Yule Myao mwenzangu bwana! Baba yake tuliingia naye jando siku moja." Bwana Msimamizi, mimi sikujua. Katika barua zako huandika jina na cheo tu, kabila huliandiki.

Hali imebadilika. Tafadhali usisome malalamiko ya kwanza hadi ya sita, wala maombi, na ile amri uichane. Mimi ni Mmwera na wewe ni Myao. Nafasi moja ya Darasa la Tano nimeichukua. Ni ya Sabaha. Nimekwisha kumwambia Amiri, naye ameuza ufuta asubuhi hii na sanduku limenunuliwa, la rangi ya bluu, na lina kufuli. Ruhusa ya kukasirika huna, na Mzee Abdala anasema ukikasirika atapita ofisini akuulize siku hizi umekuwa kabila gani. Nafasi zilizobaki nimekuachia. Sisi Wamwera hatuna tamaa kama nyinyi.