Rai ya Anastasia Kuhusu Ukurasa wa Mvua

Kwa amri ya Serikali Tukufu ya Kaisari, watu wote wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo wana maoni.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Karani Agustino, mbele ya boma, baada ya askari kupiga tarumbeta. Watu walisikiliza kwa utulivu. Mzee mmoja aliuliza kama maoni hayo yatatozwa kodi. Nikamjibu kwamba kwa sasa hayatozwi, ila suala lenyewe liko kwa wakubwa. Akashukuru, akaenda zake haraka kabla halijashuka.

Chanzo cha jambo hili kilikuwa sanduku. Liliteremshwa na gari la moshi kutoka Dar es Salaam, limejaa vitabu vilivyotungwa Ulaya na kutafsiriwa kwa Kiswahili, vyote vya elimu ya kweli, pasipo hata hadithi moja ya kubuni. Kimoja kilieleza ufugaji wa kuku. Kingine utunzaji wa meno. Kingine namna ya kutembea juu ya theluji. Na juu ya vyote, chenye jalada jekundu, kilikuwa kitabu cha Bwana Mkubwa wetu mwenyewe, Bwana Krumholtz, mtawala wa wilaya, kiitwacho *Desturi za Watu wa Uluguru Nilivyoziona kwa Macho Yangu*.

Wakubwa wa Berlin walitaka kujua wenyeji wanavionaje vitabu hivyo. Basi Bwana Mkubwa akaunda Idara ya Maoni ya Wasomaji, akaniweka mimi kuwa mkuu wake. Kwa miaka mingi nilikuwa karani tu, mtu wa kuitwa kwa kupigiwa makofi. Cheo hiki hakikuja na mshahara, lakini kilikuja na kiti chenye mgongo.

Rai zilizoruhusiwa zilikuwa tatu: kizuri, kizuri sana, na kizuri kupita kiasi. Kwa msomaji mwenye rai ya nne, boma lilikuwa na chumba chenye komeo.

Kazi ilianza vizuri. Ebrahim, mwenye duka karibu na soko, alipewa kitabu cha meno. Akakirudisha siku ya pili, uso umemkunjamana.

"Karani, kitabu chako kinakataza watu kula halua."

"Ndiyo, kwa afya ya meno."

"Mimi nauza nini?"

"Halua."

"Basi andika ni kitabu kibaya, tena kina wivu."

Nikaandika: *Mfanyabiashara Ebrahim ameguswa sana.*

Mwaisha, mke wa askari, ambaye husomewa na mumewe, alipewa kitabu cha kuku. Alikuja amefurahi. "Kitabu kilisema kifaranga apate joto la jiko. Nikaona kifaranga ni mdogo mno, nikamtia mtetea. Alikuwa mtamu, Karani, sijapata kuona! Hawana kingine, cha bata?" Hiyo niliipeleka kama ilivyo. Mwalimu Leonard wa shule ya misheni naye alisoma kile cha theluji, akaandika kwa hati nzuri: *Nimekifuata neno kwa neno, na mpaka leo sijaanguka.* Bwana Mkubwa alisema huo ndio ushahidi wa kisayansi.

Ndipo kitabu chekundu kilipopanda mlimani, mpaka kijiji cha Lusangala, kikamfikia Anastasia.

Anastasia alikuwa mwanamke kijana, mlimaji wa kabichi na vitunguu, aliyefundishwa kusoma na masista. Alishuka na tenga la mboga kichwani na kitabu ndani yake, kimefungwa katika jani la mgomba kisilowe. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, Bwana Karani," kisha akanipa karatasi. Nilipoisoma nikasimama, na mkuu wa idara hasimami ovyo.

*Kitabu ni kizuri,* aliandika. *Ila ukurasa wa mvua si kweli. Bwana ameandika kwamba mvua ikinyesha, watu wa Uluguru husimama kwa mguu mmoja, wakanyamaza mpaka iishe. Hatufanyi hivyo. Siku ile mama yangu mkubwa, Kristina, alisimama kwa mguu mmoja kwa sababu alikuwa akitoa mwiba. Bwana akamuuliza, mnafanya hivi kila mvua? Akajibu, kila mvua, Bwana. Alitaka Bwana aondoke upesi, maana alikuwa amesimama juu ya kitalu chake cha vitunguu.*

"Mwanangu," nikamwambia, "rai zilizoruhusiwa ni tatu."

"Ya kwanza nimeiandika hapo juu."

"Na haya mengine?"

"Hayo siyo rai, Bwana Karani. Ndivyo ilivyokuwa."

Nilimpelekea Bwana Mkubwa karatasi ile, nikabaki mlangoni. Aliisoma mara mbili. Masharubu yake yalishuka, yakapanda.

"Agustino, kitabu hiki kimepigwa chapa wapi?"

"Berlin, Bwana."

"Nakala zake ziko wapi?"

"Ulaya nzima, Bwana."

"Na Waluguru wako wapi?"

"Wako hapo juu, Bwana. Wanaonekana dirishani."

"Basi kati ya kitabu na Waluguru, kipi rahisi kusahihisha?"

Sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kama ile. Siku hiyohiyo tuliandika amri: kila mtu wa Uluguru atafuata desturi yake ya asili, ya kusimama kwa mguu mmoja wakati wa mvua, kama ilivyoelezwa kitabuni. Asiyeijua desturi yake atafundishwa na askari.

Sasa, asiyeijua milima ile nimweleze kidogo. Mvua ya Uluguru haibishi hodi. Inanyesha asubuhi watu wakienda shamba, inanyesha mchana wakipalilia, na jioni inanyesha kwa sababu haina kazi nyingine. Baada ya amri, mlima mzima ukasimama kama ndege korongo. Magugu yakapanda, kabichi zikaozea mashambani. Wanawake waliokuwa wakiteremka kwa njia ya Kilakala na matenga yao walikuwa wakishikwa na mvua katikati ya mteremko, wanainua mguu mmoja, na wengine wakaporomoka mpaka bondeni, wao na karoti zao. Niliandika katika taarifa kwamba usafirishaji wa mboga umeongezeka kasi.

Mjini, soko likawa tupu. Mpishi wa Bwana Mkubwa alimwekea mezani nyama na mchuzi, nyama na mchuzi, mpaka Bwana Mkubwa akapata tumbo gumu, akawa anasaini barua zake akiwa amesimama.

Kisha Kristina akakamatwa. Askari alimkuta shambani, mvua inamwagika, anapalilia vitunguu, miguu yote miwili chini bila kibali. Alipoulizwa sababu akasema, "Mwanangu, vitunguu havijui kusoma." Akateremshwa bomani, akatiwa katika kile chumba chenye komeo, na hukumu ikaandikwa: viboko ishirini na vitano, ndiyo hamsa ishirini ya boma, vitakavyopigwa soko likijaa watu. Kwa kuwa soko halikuwa na mboga halikujaa, na hukumu ikawa inangoja.

Anastasia alikuja kwangu, amelowa, macho mekundu. Mara hii hakuleta tenga.

"Bwana Karani, mwachieni. Kosa ni langu, mimi niliyeandika. Nifungeni mimi."

"Haiwezekani. Wewe ulitoa rai. Yeye amevunja desturi."

"Desturi aliyoitunga mwenyewe!"

"Ndiyo maana kosa lake ni kubwa zaidi."

"Ana umri wa mama yako," akasema. "Viboko vile atavimaliza kwa uhai wake? Wewe hapo, akipigwa, utakuwa unahesabu?"

Niliangalia kalamu yangu. Kuhesabu ilikuwa kweli kazi yangu. Nilimwambia idara imepokea maneno yake, na usiku ule chakula changu nilikirudisha jikoni. Naliandika hilo kwa usahihi wa kumbukumbu tu.

Wiki iliyofuata ikafika simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam, na boma likapakwa chokaa upya. Profesa Daktari Wendelin, bingwa wa desturi za mataifa, alikuwa anakuja kutoka Berlin. Naye alikuwa amekisoma kitabu chekundu, na rai yake ilikuwa ya namna yake: ukurasa wa mvua ndio ukurasa bora kuliko yote, lakini ameuona kwa macho ya mwingine, sasa anataka kuuona kwa yake. Akiuthibitisha, Bwana Krumholtz atavishwa nishani na Kaisari. Asipouthibitisha, ataelezwa huko Ulaya kuwa ni mzushi.

Bwana Mkubwa alifurahi kwa upande mmoja wa uso.

Profesa alikuwa mzee mwembamba, mwenye mwavuli mkubwa mweusi na mashine ya kupigia picha. Salamu yake ya kwanza stesheni ilikuwa, "Yule mwanamke wa kitabuni yuko hai?"

"Yuko mikononi mwa serikali," akajibu Bwana Mkubwa. "Tunamtunza."

"Basi nipelekeni naye shambani kwake. Nataka kusikia kutoka kinywani mwake."

Kwa hiyo Kristina akafunguliwa, akapewa uji, tukapanda wote. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwepesi wa mguu kuliko askari. Njia nzima nilimwona akiyatazama mashamba yaliyozama katika magugu, akihema kwa nguvu puani. Anastasia alitupokea Lusangala, akamkumbatia mama yake mkubwa, wakanong'onezana. Sikusikia walichosema. Nilikuwa nafuta viatu.

Mvua haikutuchelewesha. Matone ya kwanza yalipoanguka, askari akapiga filimbi, na mlima mzima, wake kwa waume, ukainua mguu. Profesa alitoa sauti kama mtoto aliyepewa sukari. Akapiga picha. Kisha akafungua mwavuli, akamwendea Kristina.

"Muulize," akaniambia, "desturi hii maana yake nini?"

Nilimuuliza. Kristina, kwa mguu wake mmoja, alimtazama Profesa, akamtazama Bwana Mkubwa aliyejikinga chini ya upenu wa nyumba ya Kristina mwenyewe, amevimba kwa hasira na kwa tumbo. Nami nikaomba kimoyomoyo aseme ni mwiba tu, halafu nikaomba asiseme.

"Mwambie," Kristina akasema pole pole, "kitabu kimesema kweli, ila kimeishia katikati. Maana siku ile mwandishi aliondoka kabla sijamaliza."

Profesa akatoa kalamu.

"Mvua ni mgeni mkubwa. Mgeni mkubwa anapokewa na nani? Anapokewa na wakubwa wa nchi. Wao ndio wanaosimama kwa mguu mmoja, nje, kichwa wazi. Sisi wadogo kazi yetu ni kulima, ili mvua isione imekuja bure. Huku kwetu wakubwa hawakuwapo siku nyingi, wako bomani. Ndiyo maana tumekuwa tukiwashikia nafasi."

"Kuwashikia nafasi!" Profesa akaandika mbio. "Na wakubwa wakiwapo, wasiposimama?"

Kristina akashusha sauti. "Hapo mvua hutambua kwamba wale si wakubwa."

Nilitafsiri kila neno, kama inavyotakiwa. Profesa akageuka taratibu, mwavuli nao ukageuka, wakamtazama Bwana Mkubwa pale upenuni.

"Herr Krumholtz," akasema, "jambo hili hukuliandika."

Bwana Mkubwa alifungua kinywa. Ningependa wasomaji waelewe ugumu wa hali yake. Akisema ni uongo, basi ukurasa mzima ni uongo, na yeye ni mzushi Ulaya nzima. Akisema ni kweli, basi yuko mahali pasipomfaa.

"Nilikuwa," akasema mwishowe, "nimeliweka kwa ajili ya juzuu la pili."

"Bora kabisa! Basi tulione."

Bwana Mkubwa akatoka upenuni. Akavua kofia. Masharubu yake yakalowa, yakaning'inia. Akainua mguu wa kushoto, wa kulia ukateleza topeni, akabadili akainua wa kulia. Profesa akapiga picha, akaomba mguu uinuliwe zaidi, akapiga nyingine.

Kristina naye akashusha wake. Hakumwomba mtu ruhusa. Akachukua jembe kwa Anastasia, akapiga mluzi, na bonde zima likashusha mguu kwa pamoja. Baada ya muda mfupi majembe yalisikika kila upande, na watu waliokuwa wamenyamaza majuma mengi walikuwa wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Anastasia alicheka mpaka akalazimika kushika mti. Hukumu ya viboko hakuna aliyeitaja; Profesa alikwisha kuandika kwamba mama yule ni mtunza desturi wa eneo zima, na aheshimiwe.

Askari walitazamana, wakaamua kwamba wao ni wadogo, wakaingia upenuni kuvuta tumbaku.

Nikabaki mimi, kati ya upenu na tope. Profesa akaniona.

"Na huyu karani? Ni mkubwa, au ni mdogo? Muulize yule mama."

Nilisafisha koo. Nilikuwa nimelingoja swali hilo utumishi wangu wote, lakini sikutarajia kulitafsiri mimi mwenyewe. "Mama Kristina," nikasema, "anauliza kuhusu mimi."

Kristina akainua kichwa kutoka kwenye vitunguu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mkuu wa idara. Huyu ni mkubwa kabisa."

Sikumbuki siku niliyopata heshima kama ile mbele ya Mzungu kutoka Berlin. Nikavua kofia, nikasogea kando ya Bwana Mkubwa, nikainua mguu. Tulisimama bega kwa bega, maji yakitushuka mgongoni, sawasawa yeye na mimi.

Baada ya muda mrefu alinong'ona bila kugeuza shingo. "Agustino. Muulize inaisha saa ngapi."

Nikapaza sauti, nikauliza. Kristina hakuacha kupalilia.

"Mwambie haya bado ni manyunyu," akajibu. "Mvua yenyewe iko njiani."