Mashua ya Baba Mkwe na Injini ya Kusaga Unga

Jumatatu, 4 Machi
Ushindi! Baba mkwe kanipa mashua yake ya kuvulia, ile iliyolala kifudifudi uani miaka nenda rudi. Sharti: Jumamosi iende majini kwa injini, la sivyo anampa shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji kacheka mpaka kashika kiuno. Acheke tu.

Jumanne, 5 Machi
Mbao zimeachana kama meno ya babu. Fundi kasema nizibe nyufa kwa pamba na lami. Pamba ninayo. Jioni mke wangu kauliza mbona mto wake umekonda. Nikamwambia hata mimi nimekonda, ni mawazo.

Jumatano, 6 Machi
Injini nimepata! Ya mashine ya kusaga unga iliyofungwa sokoni. Fundi kaiwasha, kaitazama, kasema hii inazunguka kinyume na rafadha niliyonunua, lile panga la kusukumia maji. Eti nibadilishe. Makubwa! Panga ni panga. Nani aliwahi kuiuliza feni inazungukia wapi? Nimemwambia afunge hivyo hivyo. Kafunga, ila kaita mashahidi wawili wasikie kwamba alinikanya.

Ijumaa, 8 Machi
Rangi imekauka. Shemeji kapita, kauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wake naujua! Nimemjibu aje kesho na macho yake. Kusema kweli naogopa. Nikiikosa hii, nitarudi kuwa yule mkwe wa kutumwa viti.

Jumamosi, 9 Machi
Ukoo mzima ufukweni. Injini ikanguruma, mke wangu akapiga kigelegele. Nikaongeza mafuta kwa madaha. Lahaula! Mashua ikarudi nyuma, ikapanda mchanga, ikambwaga majini baba mkwe aliyeketi ukingoni, yeye na kiti chake. Hakuumia, alilowa tu. Nikaeleza kwamba mvuvi makini huangalia alikotoka. Mzee, angali amekaa majini, akamnyooshea kidole shemeji.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji kabadilisha rafadha asubuhi. Mchana karudi na samaki, kamletea dada yake wawili. Nimekula kwa uchungu, nikaongeza. Roho inaniuma, sifichi. Lakini jamani, kosa lilikuwa la maji, hayana breki! Nyuma ya banda la baba mkwe kuna trekta bovu. Kesho naenda kumpa pole, hapo hapo naliomba. Injini ya kulifufua nimeshaiona, ya boti. Fundi simwiti, ana maneno mengi.