Mvua Aliyoikata Bibi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamua. Mimi ni msanii wa nguo. Sijamwambia mtu, hata Bibi, fundi cherehani, ambaye ndiye ninayemwibia vitambaa. Kuiba ni neno kali. Ni mabaki tu, kwenye kapu chini ya meza ya kukatia.
Ijumaa kuna maonyesho shuleni. Kila mshiriki atasimama na kueleza wazo la kazi yake lilitoka wapi. Kusimama! Mbele ya watu! Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani huitikia kwa nyusi. Mpango: niandike maelezo mazito hadi watu waogope kuuliza swali.

Jumanne, 4 Juni
Kazi imekamilika. Inaitwa “Mvua”. Juu vipande vya kijivu, chini nyuzi mia mbili zinaning'inia. Nimezihesabu.
Ukweli ni kwamba nikiwa mdogo nililala chini ya meza ya Bibi, mvua inapiga bati, huku nyuzi alizokata zikinidondokea usoni. Basi. Lakini hilo utalisemaje mbele za watu? Malkia wa Batiki (mwenzangu darasani, jina kajipa mwenyewe) anaongozwa na “ukimya wa ulimwengu”. Mimi nimeandika naongozwa na ndoto. Kwa lugha zote mbili za shule. Kwa ile ya pili imetoka nzito sana, pengine hata mimi sielewi.
Nimeificha Mvua kwenye rafu, katikati ya nguo za wateja. Akili!

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwisha. Nimeichomoa Mvua: haina hata tone. Nyuzi zimekatwa zote. Pindo pande nne, limenyooka kama rula. Pasi juu yake.
Bibi anatabasamu. Anasema alikuwa anakagua nguo za wateja, akagusa mishono, akajua ni mkono wangu. Hakutaka niende kuaibika na nyuzi nje nje. Imemchukua mchana kutwa. Macho yake siku hizi, hata sindano namtungia mimi. Kumbe alikuwa akizitafuta kwa kupapasa, uzi mmoja mmoja. Akaniomba nitazame vizuri, isije ikawa kuna uzi umebaki.
Nikafungua mdomo. Ikatoka asante. Nikaenda kulia bafuni, kidogo tu.
Mpango: nibadilishe jina. “Baada ya Mvua”.

Ijumaa, 7 Juni
Bibi kaja na viatu vya harusi, mkasi shingoni. Malkia kaongea dakika kumi. Zamu yangu: karatasi imelowa jasho, ndoto zimefutika.
Mgeni rasmi, mfumaji mwenye mvi, hakuuliza habari ya ndoto. Alipitisha kidole kwenye pindo, akauliza nani alinifundisha kupiga pindo namna hii.
Ningeweza kusema ni langu. Watu wote walikuwa wanalitazama. Bibi, kule nyuma, alikuwa ameshika mkasi wake kama anayesubiri matokeo ya mtihani.
“Ni la Bibi,” nikasema. “Nilikuwa nalala chini ya meza yake.”
Nikaeleza yote, bati na nyuzi usoni, kwa lugha moja tu. Hilo la mvua kukatwa sikulitaja.
Nimekuwa wa tatu. Malkia wa kwanza. Siyo kwamba nimeumia. Nimeumia.
Njiani Bibi akaniuliza taratibu: “Zile nyuzi, mama, ulikuwa umeziacha makusudi?”
Nikasema hapana, nilisahau. Akanishika mkono hadi nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi nimekuta kopo la vifungo kwenye kitanda changu. Ndani yake nyuzi zangu, zimefungwa kifundo kimoja. Bibi anashona tu, anajifanya hanioni.
Nimezihesabu. Mia moja tisini na tisa. Nimezishona upya zote, mvua imerudi, nzuri kuliko mwanzo! Maonyesho ya wilaya ni mwezi ujao.
Sasa ni kuificha tu. Nimefikiria sana. Kwenye rafu ya nguo za wateja, ila safari hii chini kabisa.