Habari za Umm Dhirgham na Kisahani cha Kushoto

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kupewa cheti kwa kazi ya kukaa. Sogeeni nanyi mliosinzia ukumbini macho yakiwa wazi, na nyie mliojiunga kwa simu mkazima kamera mkaenda sokoni. Tegeni masikio, maana nataka kuwasimulia vita ambavyo hakuna gazeti lililoviandika, vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika ukumbi wa ghorofa ya pili wa chuo kimoja cha kusini mwa Iraki, kando ya mto Tigris, chuo ambacho jina lake nalificha kwa sababu chenyewe kina wanasheria na mimi sina.

Namsimulia Umm Dhirgham binti Tu'ma, Mwenye Birika Mbili, Bibi wa Mvuke, mtawala wa pembe ya chai iliyo kati ya ngazi na choo cha walimu, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliinywesha elimu ya juu, na elimu ya juu isimwandikie hata siku moja barua ya ajira. Alikuwa kibarua wa siku. Jua likichomoza ana kazi. Mkuu wa kitivo akiamka vibaya, hana. Wao hulisahau jambo hilo. Mimi silisahau.

Basi ikawa mwezi wa Machi, chuo kikatangaza warsha ya siku mbili juu ya usalama wa chakula, na vijidudu vyake, na ubunifu katika afya, kwa waliopo ukumbini na kwa walio mbali kupitia mtandao. Nami ninazikumbuka warsha zote za chuo kile kama mjane anavyokumbuka madeni ya marehemu. Naikumbuka ile ya kunawa mikono, ambapo maji yalikatika tangu alfajiri tukanawa kwa picha ukutani. Naikumbuka ile ya sumu katika chakula, ambayo wali wake wa kuku uliwalaza washiriki sita, wakapelekewa vyeti vyao kitandani. Naikumbuka na ile ya ubunifu, ambayo ilikuwa ni ile ile ya mwaka uliotangulia, hata tarehe hawakuifuta. Mniwie radhi, ndugu zangu, kumbukumbu yangu ni ndefu na haina breki. Narudi vitani.

Kutoka Baghdad akashuka Daktari Qutaiba, Simba wa Slaidi, aliyesomea ng'ambo miaka saba akarudi na namna mpya ya kukohoa. Akapokewa na mkuu wa kitivo, Daktari Mu'tasim, Mwenye Mihuri Mitatu. Na katikati yao alisimama binti mmoja mwembamba, Sabrin, mwanafunzi wa uzamili na msaidizi wa maabara, mwenye kalamu ya wino usiofutika na sauti isiyosikika.

Siku ya kwanza Sabrin alitumwa achukue pamba tano, apanguse vitu vitano vya chuo, kisha kila pamba aipake katika kisahani chake chenye ute wa mwani ulioganda kama halwa, ili kile kisichoonekana kile, kinenepe, kionekane. Cha kwanza, vikombe vya chai vya Umm Dhirgham, vile vidogo vya kioo vyenye kiuno. Cha pili, kitasa cha mlango wa mkuu. Cha tatu, rimoti ya kiyoyozi. Cha nne, simu ya mezani ya ofisi. Cha tano, kipaza sauti cha ukumbi. Visahani vikalala usiku kucha katika kabati lenye joto la mwili wa mtu.

Kulipokucha vilipangwa juu ya kitambaa cheupe mbele ya hadhara. Vinne havikuwa na la kutisha, hapa doa, pale doa, na kimoja cheupe kabisa. Lakini kile cha mwisho upande wa kushoto kilikuwa kimejaa pomoni, vishada vya manjano juu ya vishada vya kijani, na kitu kimoja chenye manyoya katikati mfano wa mufti. Wataalamu huviita vishada hivyo makoloni, nami neno hilo nalifahamu vizuri, babu yangu aliyaona makoloni yakipanda mto huu huu ndani ya manowari za Mwingereza, nayo vilevile yalianza kama doa.

Daktari Qutaiba akakishika kipaza sauti, akakisogeza mpaka kikagusa masharubu, akanyoosha kidole upande wa kushoto.

"Nambari moja," akasema, "vikombe vya chai. Tazameni wenyewe, mimi siongezi neno."

Akaongeza maneno ya dakika ishirini. Akasema kikombe ni daraja la maradhi. Akasema mpishi asiyesoma ni hatari kuliko nyoka, maana nyoka unamwona. Na Umm Dhirgham wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe arubaini, mvuke ukipanda, na watu waliokunywa kwake tangu wakiwa wanafunzi wakawa wanatazama viatu vyao. Hakuna mkono ulioinuka kuchukua kikombe. Vikombe arubaini vilipoa pamoja.

Hapo Mwenye Mihuri Mitatu akainuka, akatangaza kwa uchungu mkubwa usiomgharimu kitu kwamba kuanzia kesho pembe ya chai itafungwa, italetwa mashine, na kibarua husika ataondolewa. Amri, akasema, atatia saini leo leo, kabla ya picha ya pamoja. Ukumbi ukapiga makofi. Kule mtandaoni, ambako walihesabiwa washiriki mia na kumi na mbili, wakaandika mmoja baada ya mwingine: ahsante kwa mhadhara wenye manufaa.

Umm Dhirgham akarudi kwenye pembe yake. Hakulia. Alianza kukausha vijiko, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga mizigo ya safari asiyoijua. Ndipo Sabrin akaingia, uso umemwiva.

"Mama, nimekuponza."

"Umeniponza na nini, mwanangu? Umevunja kikombe?"

"Visahani nilivipanga kuanzia kulia. Kama ninavyoandika Kiarabu. Yeye anahesabu kuanzia kushoto, kama slaidi zake za Kiingereza."

Umm Dhirgham akaweka kijiko chini. Alisoma hesabu kidogo, lakini alijua kwamba katika tano, wa kwanza kulia ndiye wa tano kushoto.

"Kwa hiyo changu ni kile cha kulia, kile cheupe. Na yule mwenye manyoya ni wa nani?"

Sabrin akatazama mlangoni kwanza. "Kipaza sauti."

Nasimulia niliyoyasikia, maana nilikuwa ngazini nikitafuta chai: yule mama alicheka kicheko kifupi, cha puani, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu kutoka ukumbini sauti ya Simba wa Slaidi ilikuwa bado inanguruma, na kila mngurumo ulikuwa unapita kwenye yale manyoya.

Akamuuliza binti kwa nini hakusema. Binti akasema Daktari Qutaiba ndiye msahihishaji wa tasnifu yake, mwezi ujao. Umm Dhirgham hakumlaumu. Anajua bei ya mdomo katika nchi hii. Akauliza jambo moja tu: je, majina yameandikwa?

"Yameandikwa, mama. Kwenye tumbo la kisahani, kwa chini. Kifuniko kinaweza kubadilishwa, tumbo halibadilishwi. Lakini fanya haraka, wakishapiga picha vyote vinatumbukizwa kwenye dawa."

Enyi wasikilizaji, mashujaa wa kale walivaa deraya wakaomba upanga. Umm Dhirgham alikaza shela chini ya kidevu, akafunga aproni mafundo mawili, akatia kitu fulani mfukoni, akachukua sinia tupu kwa mkono wa kushoto kama ngao, akatoka, nami nyuma yake. Akaupita mlango wa ukumbi. Akapita bonde la waya za projekta, ambamo maprofesa wawili waliwahi kuanguka. Akapita msitu wa magoti ya safu ya mbele, magoti ya watu wasiopisha mtu asiye na shahada, akisema samahani kwa kila goti, na kila samahani ilikuwa mkuki. Kalamu ya mkuu ilikuwa imekwisha kufunguliwa juu ya karatasi.

"Umm Dhirgham," mkuu akasema bila kuinua kichwa, "chai imefutwa."

"Sijaleta chai, Daktari."

Akaisogelea meza. Daktari Qutaiba akashtuka, akaweka mkono mbele ya kitambaa cheupe. Akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayejua ameshinda, tena kwa kipaza sauti ili wote wapate faida:

"Mama, hapa ni sayansi. Hakuna kugusa bila glavu."

Umm Dhirgham akalaza sinia sakafuni, akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa glavu za kuoshea vyombo, za manjano, ndefu mpaka kwenye viwiko. Akavaa ya kulia. Akavaa ya kushoto. Akavuta kila kidole kwa zamu, na ukumbi mzima ulisikia mpira ukilia. Sheria ilikuwa yao, na yeye ameivaa.

Kisha akanena, wala hakupaza sauti, na nilimsikia mpaka safu ya nyuma.

"Madaktari, na watoto wa madaktari. Miaka kumi na tisa nawapikia. Nimewapikia siku za mabomu mkiwa chini ya meza, nikawapitishia vikombe huko huko chini. Daktari Mu'tasim, wewe nilikupikia ukiwa mwanafunzi, ukiomba sukari ya tatu kwa siri. Aliyewahi kuumwa tumbo kwa mkono wangu asimame. Walioumwa, waliumwa kwa wali wenu. Kikombe changu hakikutani na mdomo wa mtu kabla hakijakutana na maji yanayochemka. Leo mmenihukumu kwa kisahani, na hamna hata mmoja aliyekigeuza. Mimi nimekuja kukigeuza. Ni hilo tu."

Hapo, kutoka mtandaoni, mshiriki mmoja aliyesahau kuzima sauti alisikika akiambiwa na mkewe atoe takataka na akirudi aje na nyanya. Hakuna aliyecheka. Hata zile nyanya zilisubiri.

Ndipo vidole vya manjano vikashuka. Vikakizunguka kile kisahani cha kushoto kama majeshi yanavyouzunguka mji. Vikakiinua. Na mkono wa Umm Dhirgham, uliokwisha kupindua maelfu ya vikombe, ukapinduka tena, polepole, nusu duara isiyozidi upana wa kiganja, na chini ikawa juu.

Yule mama alijifunza kusoma akiwa na miaka arubaini na moja, katika darasa la jioni lililofunguliwa bila warsha yoyote. Akasoma kama anavyosoma, silabi kwa silabi, akiweka kila moja mezani.

"Na-mba-ri ta-no. Ki-pa-za... sa-u-ti."

Akakirudisha. Akageuza cha kulia kabisa, kile kilichokuwa safi kama paji la uso la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Na-mba-ri mo-ja. Vi-ko-mbe."

Nilimtazama Simba wa Slaidi. Kipaza sauti kilikuwa bado kimelala juu ya masharubu yake, pale kilipolala tangu asubuhi. Kwanza macho yalishuka kukitazama. Kisha mkono ukaanza kuondoka wenyewe, ukanyooka, ukaenda mbali mpaka bega likafika mwisho, kama mtu aliyeshika mkia wa kitu asichojua kama kimekufa. Akamnyooshea mkuu, kwa kuwa ratiba ilisema sasa ni hotuba ya kufunga. Mkuu akaweka mikono nyuma ya mgongo. Akamnyooshea naibu wake; naibu akakumbuka simu. Kila aliyewahi kukigombea, na niliwaona kwa miaka wakikinyang'anyana kama mfupa, alipata shughuli. Mwisho kililazwa juu ya kitambaa cheupe, karibu na mwanawe mwenye manyoya.

Mkuu alijaribu kufunga warsha kwa sauti yake aliyozaliwa nayo. Ikafika safu ya pili, ikakata roho. Mtandaoni hawakusikia chochote, wakaandika: ahsante kwa mhadhara wenye manufaa. Kisha Mwenye Mihuri Mitatu akaikunja ile karatasi, mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni bila saini. Aliipangusa mikono yake kwenye suruali, akaiangalia, akaona aibu ya kuipangusa.

"Umm Dhirgham," akasema chini chini, "chai ipo?"

"Ipo, Daktari. Nawa kwanza."

Naye akaenda. Wallahi nilimwona kwa macho yangu, mkuu wa kitivo, kwenye sinki ya pembe ya chai, ana kipande cha sabuni ya yule kibarua mkononi, na nyuma yake maprofesa kumi na mmoja kwa foleni, mikono mbele, wamekunja mikono ya mashati, hakuna aliyesukuma, na Simba wa Slaidi wa mwisho, akinawa mpaka masharubu.

Vyeti vilitolewa mia moja hamsini na tatu siku ile. Cha Umm Dhirgham hakikuwamo. Mshiriki wa nyanya alipata. Basi kwa kuwa chuo hakiandiki, naandika mimi: kwamba tarehe kumi na tisa Machi, saa saba na nusu mchana, mwanamke mmoja aligeuza kisahani kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu elimu ya juu ifike kusini, warsha iliisha bila hotuba, na watu walitoka wakiwa na mikono safi.