Waraka wa Vicheko Visivyofafanuliwa

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mengine niliyojichukulia baada ya kuona hayatumiki, napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la watu kucheka kazini bila maelezo limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Nidhamu na Mienendo katika Mamlaka ya Kuratibu Shughuli Zilizokwisha Kuratibiwa. Wafanyakazi huniita Mzee wa Nidhamu. Nikishawapa mgongo huniita jina jingine, lakini halijawahi kuletwa mezani kwangu kwa maandishi, kwa hiyo rasmi silijui.

Wapo wanaosema ofisi yetu haina kazi. Ni maneno ya mkosaji. Shughuli ikisharatibiwa na wenzetu wa ghorofa ya chini, nani atahakikisha inabaki imeratibiwa? Tuendelee.

Tatizo liliibuka Jumatatu moja pale mapokezi. Dada wa Mapokezi alikuwa anapokea simu kama kawaida yake, sauti nyororo, mgongo umenyooka. Bonge, mtunza stoo wetu, akapita na katoni ya karatasi begani, akihema. Ni mtu mwenye mwili, na mwili wenyewe anaubeba kwa heshima. Dada akaweka simu chini, akamtazama, akasema taratibu kabisa, "Ngoja kwanza nivue viatu."

Bonge akaitua katoni. Akashika ukuta. Akacheka mpaka akakaa sakafuni kwa awamu. Dereva wa ofisi alikuwa nje anafuta kioo cha gari. Aliposikia kicheko cha Bonge tu akajua kimetokana na nini, naye akalala juu ya boneti, mabega yanamtikisika.

Wakati huo Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa anashuka ngazi. Akatabasamu, kama anavyotabasamu mtu anayesubiri kuelezwa. Hakuelezwa. Tabasamu likakaa usoni bila kazi kwa muda, hadi mwenyewe akaamua kuliondoa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Dada akasema.

"Marahaba. Mnacheka nini?"

"Hamna kitu, Mheshimiwa."

Nawauliza ninyi wenye akili zenu: watu wazima watatu, wenye vitambulisho vya kazi shingoni, wanawezaje kuvunjika mbavu kwa sababu ya hamna kitu?

Mheshimiwa akaniita ofisini kwake akafunga mlango. "Mzee, wananicheka mimi."

"Inawezekana, Mheshimiwa."

"Wametaja viatu. Viatu vyangu vina nini?"

Nikainama chini ya meza kufanya ukaguzi. "Vinang'aa, Mheshimiwa."

"Basi ndiyo hivyo. Wivu."

Kabla ya chakula cha mchana waraka ulikuwa umebandikwa ukutani, na kwa heshima ya uzito wake Mheshimiwa mwenyewe aliwasomea wafanyakazi ukumbini. Kicheko halali, ulisema, ni kile kinachoweza kuelezwa kwa mkubwa wa kazi, naye akacheka. Chochote kilicho nje ya hapo ni kicheko kisichofafanuliwa. Chanzo cha kicheko hicho ni yule aliyesema neno au kufanya kitendo kilichochekesha. Chanzo akiwa mwajiriwa wa kudumu, atapelekwa mbele ya Bodi. Akiwa kwenye majaribio, ataaga kazi.

Hilo la mwisho Mheshimiwa aliliongeza kwa mkono wake. Katika jengo zima, aliyekuwa kwenye majaribio ni mmoja tu.

Dada wa Mapokezi alikuwa amekaa kwenye majaribio hadi walioajiriwa nyuma yake wakathibitishwa, wakapanda vyeo, mmoja akastaafu. Jalada lake lilikuwa mezani kwa Mheshimiwa likisubiri saini, na Mheshimiwa alikuwa akiliwekea kikombe juu ili meza isiharibike. Mama yake na wadogo zake wawili wanakula kwa mshahara ule. Nilimwonea huruma. Nalisema hapa kwa kuwa maandishi haya hayana nakala kwa Bodi.

Akaitwa mbele ya kamati. Kamati ilikuwa Mheshimiwa, mwenyekiti, na mimi, katibu pamoja na wajumbe.

"Eleza," Mheshimiwa akasema. "Kilichochekesha ni nini?"

Dada akajibu, "Mheshimiwa, sisi huwa tunatoka Jumamosi. Mimi, Bonge na dereva, kwa kigari cha shemeji yake dereva. Tunabeba mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, tunakwenda kukaa mtoni. Sasa juzi gari likanasa kwenye tope. Bonge akashuka asukume. Akasema, ngoja kwanza nivue viatu. Aliposhuka tu, gari likapata wepesi, likanasuka lenyewe. Dereva hakumsikia, akakanyaga mafuta. Kutahamaki, Bonge yuko nyuma anatukimbilia, miguu peku, kiatu huku na kiatu huku."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Mheshimiwa akanitazama. Nikaangalia nilichoandika. Hakukuwa na kilichobaki.

"Pa kucheka ni wapi hapo?"

"Mheshimiwa, ukisimulia inapoa. Ungekuwepo ungecheka."

Nilitarajia hasira. Badala yake Mheshimiwa akageukia dirisha, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Miaka yote hii sijawahi kualikwa mtoni."

Hatukuwa na kifungu cha kujibu hilo. Nadhani Dada angemwalika palepale, maana ana moyo huo, lakini Mheshimiwa alikuwa amekwisha kujirudi. Akatangaza kuwa kamati haiwezi kutoa uamuzi juu ya jambo ambalo mwenyekiti wake hakuwepo. Jumamosi ijayo kungefanyika ziara ya kikazi ya uhakiki: gari la ofisi, watu walewale, mahali palepale, tukio lilelile kama lilivyotokea. Likichekesha, Dada amesalimika. Lisipochekesha, aage.

Jumamosi tukaondoka asubuhi. Mheshimiwa alikaa mbele, amevaa suti na tai. Dada, Bonge na mimi tulibanana nyuma, na kwa kuwa Bonge alikuwa katikati, mimi na Dada tulisafiri tukiegemea milango. Mheshimiwa alipouliza kama safari zao huwa za kimya namna hii, Bonge akajibu kwamba huwa wanaimba. Mheshimiwa akaagiza waimbe. Wakaimba kama watu wanaosoma maelezo ya dawa kwenye chupa.

Tulipofika, tope halikuwepo. Mvua ilikuwa imekata na njia imekauka. Afisa mwingine angeahirisha zoezi. Mheshimiwa akaagiza tope liandaliwe. Bonge na dereva wakateka maji mtoni kwa ndoo, wakayamwaga barabarani, wakachanganya kwa miguu, huku Mheshimiwa akisimama pembeni kuelekeza uzito. "Zito kidogo," alikuwa akisema. "Hapana, hilo ni uji." Bonge alikuwa amelowa mpaka kiunoni na wala hakulalamika, kwa sababu ya Dada. Tukapanda tena, safari hii Bonge akiwa mlangoni, gari likaingizwa, likanasa vizuri, na mimi nikarekodi kwamba limenasa.

Bonge akashika mlango ili ashuke.

"Unakwenda wapi?" Mheshimiwa akamuuliza.

"Kusukuma, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeachwa."

"Mbele yangu? Mahali nilipo mimi, mhusika mkuu anakuwa mtu wa stoo?"

Bonge akarudi kukaa. Kiitifaki Mheshimiwa alikuwa sahihi, hilo halina ubishi. Akashuka mwenyewe, akachagua penye ukavu, akainama kwenye kamba za viatu. Kisha akasema kwa sauti ya hotuba, "Subirini kidogo, ili niweze kuvua viatu."

Gari likapata wepesi.

Watu wengi wameniuliza kwa nini dereva aliondoka ilhali alisikia. Maelezo yake yako kwenye kumbukumbu na sijaona kasoro ndani yake. Aliagizwa tukio liwe kama lilivyotokea. Siku ile hakusikia. Kwa hiyo na siku hii hakusikia.

Nikageuka kutazama nyuma, kwa madhumuni ya kumbukumbu. Mheshimiwa alikuwa anakuja, suruali imepandishwa hadi kwenye magoti, tai imelala begani, kiatu kila mkono. Alikuwa anakimbia vizuri kwa mtu wa cheo chake. "Simama!" alikuwa anapaza sauti. "Huu ni utovu wa nidhamu! Nawapa barua wote!" Akarusha kiatu kimoja kulilenga gari. Hakikutufikia. Kilitua kwenye tope lile alilolisimamia, nalo likakimeza.

Ndani ya gari hakuna aliyecheka. Nataka hilo lieleweke. Dada alikuwa ameuma kitambaa, machozi yanamtiririka. Bonge alikuwa anatikisika na kiti kizima kinatikisika naye.

"Siku ile mlikwenda mpaka wapi?" nikauliza, kwa kuwa lazima mtu mmoja abaki kazini.

"Mpaka darajani, Mzee," dereva akasema, sauti imembana.

Tukaenda mpaka darajani. Hapo dereva akauliza kama ageuze. Nikamkumbusha mwongozo wetu wa magari: gari la ofisi haligeuzwi njiani bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tupate ruhusa."

"Ruhusa anayo yule kule nyuma, Mzee."

"Basi tuisubiri," nikasema. "Inakuja kwa miguu."

Sikusema kwa utani. Katika utumishi wangu sijawahi kufanya utani. Lakini Bonge alitoa mlio ambao sijui niuandikeje, Dada akaangukia bega langu, dereva akapiga honi kwa paji la uso, na mimi mwenyewe nikapatwa na hali fulani kifuani, ya kubanwa pumzi na kutikisika mabega, iliyodumu mpaka mbavu zikaniuma. Nilipofuta macho nikamwona Dada ananitazama kama mtu aliyeona kabati linatembea.

"Kumbe na wewe, Mzee," akasema.

Ruhusa ikafika baadaye, imeshika kiatu kimoja. Ikapanda mbele. Dereva akageuza gari.

Jumatatu Mheshimiwa akaniita. Jalada la Dada lilikuwa wazi mbele yake, na kikombe kimewekwa kando. "Andika aage," akasema. "Nimewasikia wakicheka kule darajani. Sauti ilinifikia njiani."

Nimekuwa afisa wa nidhamu muda mrefu, na kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa. Nikausoma waraka. Nikausoma tena, maana nilichokiona kilinitia baridi.

"Mheshimiwa, waraka unasema anayeadhibiwa ni chanzo. Chanzo ni aliyefanya kitendo."

"Ndiyo. Nani alifanya kitendo?"

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. "Wewe, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akairudisha miguu yake chini ya kiti.

"Na wewe ni mwajiriwa wa kudumu," nikaendelea, "kwa hiyo ni Bodi. Naandaa taarifa. Itabidi nieleze suti, tope, na umbali."

"Mzee."

"Naam, Mheshimiwa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kamati inaweza kuamua kwamba tukio halikuchekesha. Kama halikuchekesha, hakuna chanzo. Hakuna chanzo, hakuna kosa. Ila kama hakuna kosa, jalada la yule binti halina cha kulizuia, na litahitaji saini leo."

Nilikaa nimenyooka, uso mkavu. Sikufanya vile kwa huruma. Huruma haina kifungu. Lakini kama ingekuwa nacho, ningekitaja.

"Halikuchekesha," Mheshimiwa akasema, akachukua kalamu akasaini.

"Na utangaze, Mheshimiwa. Waraka ulioutangaza mwanzo uliusoma mwenyewe mbele ya watu. Wa kuufunga nao ni hivyohivyo."

Saa sita wafanyakazi wote wakakusanyika ukumbini. Mheshimiwa akasimama, akavaa miwani, akasoma:

"Napenda kuwafahamisha kwamba kitendo cha Mkurugenzi kuachwa njiani na gari la ofisi, akiwa amevaa suti na tai, miguu peku, akilikimbilia gari hilo huku akilirushia kiatu, ambacho hakikupatikana, si kitendo cha kuchekesha. Aidha, kitendo cha Mkurugenzi kuamrisha tope liandaliwe kabla ya hapo nacho, baada ya kutathminiwa kwa kina, hakichekeshi."

Wengi wao walikuwa hawajui habari yoyote. Ndiyo kwanza walikuwa wanaipata. Ukumbi mzima ulitulia kama msibani. Mhasibu mkuu alikuwa anatazama taa. Watu walishikana mikono na majirani zao wakibana kwa nguvu zote. Bonge akainua mkono akaomba ruhusa aende stoo kuhakiki kitu, akapewa, na baada ya mlango kufungwa tukasikia anavyohakiki.

Mheshimiwa akaridhika. Ule ukimya aliuelewa kuwa ni utii. Akaagiza tangazo lipelekwe katika matawi yetu yote siku hiyohiyo, likabandikwe, likasomwe, ili uvumi usije ukasambaa.

Sasa kila asubuhi simu za matawi zinapigwa kuomba ufafanuzi. Hupokelewa pale mapokezi na mwajiriwa wa kudumu, mgongo umenyooka, sauti nyororo, na mlango wa Mheshimiwa uko wazi hatua chache tu kutoka hapo.

"Ofisi ya Mkurugenzi, karibu," husema. "Ndiyo, ndugu yangu. Ndiyo, peku. Hapana, tope lilikuwa la kutengeneza. Hapana, ndugu, haichekeshi, imesainiwa. Nikusomee tena? Haya, waite na wenzako."